Mbona dikoda inaonyesha HD safi halafu kurekodi inakuwa shida?

Mechi ya Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, na Afrika Kusini, ile ya CHAN (kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani) Agosti 2025 pale uwanja wa Namboole, si mnaikumbuka? Tumelala 3-1, watu wameshaanza kutafuta boda za kurudi nyumbani, halafu penalti mbili za mwishoni zikatupa 3-3 na nchi nzima ikapiga kelele. Sasa mjomba wangu hapa Busia siku hiyo alikuwa msibani Tororo kwa hiyo aliipanga dikoda irekodi yenyewe kwenye flashi, akarudi kesho yake akiwa ameziba masikio njia nzima asiambiwe matokeo, akatengeneza chai, akakaa. Mpira ukaenda mpaka dakika ya sabini na kitu, tuko chini, faili likaisha hapo. Kwisha.

"Mpwa, hii flashi uliyoniletea ni feki," akaniambia, na alivyosema ile "feki" nikajua chai sipewi.

Flashi haikuwa feki, nitarudi huko. Lakini tangu siku hiyo naulizwa maswali ya aina hii mpaka nimeona bora niandike mara moja, hasa kwa vile AFCON 2027 inakuja hapa hapa kwetu na kwa majirani Kenya na Tanzania na kila mtu atataka kuhifadhi mechi. Mmoja amechomeka waya wa HDMI kutoka kwenye dikoda mpaka kwenye laptopu na hakuna kinachotokea. Mwingine kachomeka flashi nyuma ya tivi akabonyeza kila kitufe cha rimoti. Mwingine kanunua kile kidude cha kurekodi, kakifunga vizuri kabisa, kapata picha nyeusi tii. Wote wanaamini wameuziwa kitu kibovu, na kwa wengi wao kitu ni kizima, ila hawajaambiwa picha inapita wapi mpaka kufika kwenye kioo.

Tuanze na maneno. Dikoda ni kile kiboksi, Watanzania wanakiita king'amuzi na kusema kweli jina lao linaeleza kazi vizuri kuliko letu, maana kinachukua mawimbi yaliyofungwafungwa kinayang'amua yanakuwa picha. HD nayo ni habari ya wingi wa nukta zinazojenga picha, zile zinaitwa pikseli. Picha ya kawaida ya zamani ina nukta 720 kwenda upande na 576 kwenda chini, ukizidisha ni 414,720. HD kamili ni 1920 kwa 1080, hiyo ni 2,073,600. Gawanya uone mwenyewe, inatoka mara 5 kamili. Kuna na HD ndogo ya 1280 kwa 720 ambayo nayo inaruhusiwa kujiita HD, ndiyo maana unakuta chaneli mbili zimeandikwa HD zote lakini moja ni kali kuliko mwenzake na wewe unalaumu tivi.

Kutoka hapo unapata sheria ya kwanza: ukirekodi chaneli ambayo imetumwa ikiwa ya kawaida, utapata ya kawaida. Hata dikoda iandike 1080 kwenye setingi, hata tivi iwe inchi 65. Inachofanya dikoda ni kuvuta ile picha ndogo ijaze kioo, kama shati la mtoto ukilivaa wewe, litafunika kifua lakini kitambaa hakijaongezeka.

Sasa fikiria maziwa ya unga.

Picha ya HD kamili ikiwa mbichi, picha 50 kwa sekunde, inakula data kama megabiti 2,500 kila sekunde. Hakuna mnara wala setilaiti itakayokubali kubeba huo mzigo kwa chaneli moja. Kwa hiyo kituo kinaikausha kwanza. Nyasi za uwanja hazijabadilika tangu picha iliyopita? Basi zisitumwe tena, tuma tu mchezaji aliyesogea na mpira. Ukikausha hivyo kwa ujanja wote unabaki na megabiti 6 mpaka 8 kwa sekunde, yaani umepunguza mara mia tatu na zaidi. Huo ndio unga. Kama chaneli ni ya kulipia, unga unatiwa kwenye debe na debe linapigwa kufuli, na huo ufunguo haukai mmoja, unabadilishwa kila baada ya sekunde chache. Ile kadi unayoisukuma kwenye dikoda (au chipu iliyomo ndani, siku hizi kadi zinapungua) kazi yake ni kuhakikisha wewe umelipa ndipo ufunguo utoke.

Dikoda inapokea debe, inafungua kufuli, inakoroga unga na maji, maziwa yanarudi megabiti 2,500, halafu inayamimina kwenye bomba la HDMI kwenda kwenye tivi. Na hilo bomba nalo limefunikwa, haliruhusu mtu kutoboa njiani. Swali la kurekodi lote liko hapo, unachota wapi: unga ukiwa bado unga, au maziwa yakiwa yameshakorogwa.

Ukichota unga umeshinda. Dikoda za chaneli za bure, zile za antena tulizozizoea tangu Juni 2015 mitambo ya analogi ilipoanza kuzimwa kuanzia Kampala, nyingi zina tundu la USB mbele au nyuma, na chaneli za bure hazina kufuli. Kwa hiyo ukibonyeza rekodi dikoda haifanyi kazi yoyote ya akili, inamwaga unga ule ule kwenye flashi. Hakuna kilichopungua, ukija kuangalia mwezi ujao ni sawasawa na kilichorushwa siku ile. Napenda hiyo njia kuliko zote na inanishangaza watu wanaitoroka eti kwa sababu dikoda ni ya bei rahisi, halafu wanaenda kununua mitambo ya laki kadhaa ili wapate picha mbaya zaidi.

Ila ndipo tunapokutana na flashi ya mjomba. Flashi nyingi za GB 32 kushuka chini zinatoka dukani zikiwa zimepangwa kwa mtindo wa zamani unaoitwa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja lizidi GB 4. Flashi inaweza kuwa tupu kabisa, ina nafasi ya kumwaga, lakini faili moja likigusa GB 4 basi, mlango umefungwa. Piga hesabu: biti nane ni baiti moja, kwa hiyo megabiti 6 kwa sekunde ni kama MB 45 kwa dakika, GB 4 zinajaa baada ya dakika 95 hivi. Toa wimbo wa taifa, toa mapumziko, toa dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza, unaangukia dakika ya sabini na kitu. Mjomba nilipompigia hiyo hesabu kwenye karatasi aliikagua mara mbili kama mtu anayekagua risiti ya hadiwea.

Dikoda zenye akili zikifika GB 4 zinafungua faili la pili zinaendelea, kwa hiyo kabla hujalia fungua flashi uangalie kama kuna kipande kingine. Yake haikuwa na hiyo akili. Dawa ni kuipanga flashi upya kwa mtindo wa NTFS, kwenye kompyuta, dakika moja tu, na hakikisha dikoda yako inausoma huo mtindo. Na kinyume chake kipo: flashi za GB 64 kwenda juu kwa kawaida zinakuja na mtindo wa exFAT ambao dikoda nyingi haziuoni kabisa, hapo ndipo utasikia mtu anasema "dikoda yangu inakubali flashi ndogo tu". Siyo udogo bana, ni mpangilio.

Flashi feki zipo kweli lakini, tusidanganyane. Imeandikwa GB 64 kumbe ndani iko 8, ikijaa inaanza kuandika juu ya ilichoandika mwanzo na wewe huambiwi chochote. Kabla ya kuiamini na mechi ya maana ijaze mafaili halafu jaribu kuyafungua yote. Kuhusu kasi usihangaike, MB 45 kwa dakika haifiki hata MB moja kwa sekunde, flashi ya zamani kabisa itaweza. Hadi diski (hard disk) ndiyo yenye shida nyingine, tundu la USB la dikoda linatoa umeme kidogo na hadi diski ina injini ya kuzungusha, ukisikia inalia tik tik tik inazima inawaka, ni njaa hiyo, itafutie umeme wake.

Na umeme ukikatika katikati je? Nasema umeme wenyewe, siyo ile kampuni iliyoitwa Umeme, iliyokuwa ikitusambazia huo umeme Uganda mpaka ikamaliza mkataba wake Machi 2025. Hapa kuna kitu kizuri watu hawakijui. Faili linaloandikwa na dikoda mara nyingi ni la aina ya TS, limeundwa na vipakiti vidogo vya baiti 188 kila kimoja kikijitegemea, kwa hiyo umeme ukikata saa mbili na robo kwa kawaida unabaki na mpira mpaka saa mbili na robo. Faili la MP4 kwa kawaida linaandika orodha yake ya yaliyomo mwishoni kabisa, likikatwa kabla hujalifunga vizuri halifunguki hata sekunde moja. Kwa hiyo ukirekodi kwa kompyuta na programu kama OBS Studio, chagua MKV badala ya MP4, utakuja kunishukuru wiki ambayo giza linatutembelea kila jioni.

Kitu kingine, dikoda ikikuuliza kama ifute na kuipanga flashi, usikubali huku kuna picha za harusi humo ndani. Tenga flashi ya dikoda peke yake.

Haya, kwenye dikoda za kulipia je? Zipo zinazorekodi, Explora ya DStv ina hadi diski yake ndani na inafanya kazi vizuri tu. Ila kinachohifadhiwa pale ni debe likiwa bado na kufuli, na ufunguo unakaa kwa dikoda yenyewe. Ukiing'oa ile hadi diski ukaipeleka kwa fundi wa laptopu haitatoka mechi hata moja, si kwa sababu fundi hajui, ni kwa sababu amepewa debe bila ufunguo. Na dikoda ikifa kwa radi, rekodi zako zimekufa nayo. Ukinunua nyingine ya aina ile ile haisaidii. Watu wanaumia sana hapa kwa sababu wanaona kama rekodi ni mali yao wameiweka nyumbani kwao, kumbe ni kama wameiweka kwenye chumba cha mtu mwingine aliyewaachia mlango wazi.

Kwa hiyo wanahamia kwenye HDMI, wachote maziwa.

Kosa la kwanza ni lile la laptopu. Tundu la HDMI la laptopu karibu zote linatoa picha, haliingizi. La dikoda nalo linatoa. Ukiunganisha hayo mawili umeunganisha bomba mbili zote zinamwaga maji, kila moja inasukuma na hakuna anayekinga. Waya unaingia, ndiyo, kwa sababu umbo la tundu ni moja, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Kosa la pili ni flashi nyuma ya tivi. Tivi ikiwa na uwezo wa kurekodi, inarekodi kile ilichokishika yenyewe kwa antena iliyochomekwa kwenye mgongo wake. Kinachoingia kwa HDMI kinapita tu kwenda kwenye kioo, tivi haikigusi. Na la tatu, waya wa HDMI wa bei kubwa wenye rangi ya dhahabu hauongezi chochote kwenye picha, ule ni waya wa namba, namba zinafika au hazifiki, na kwa mita moja na nusu ya sebuleni hata ule wa bei ya chini unafikisha.

Kinachohitajika kwa kweli ni kifaa cha katikati chenye tundu la kuingiza, watu wanakiita kapcha kadi. Kipo cha Elgato, cha AVerMedia, na vipo vile vidogo kama flashi vinavyouzwa mtandaoni vimeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Hiyo 4K ni ujanja wa maneno: inapokea 4K, lakini inachokupa ni 1080 au chini yake, na vingi vinatumia USB 2.0 ambayo mwisho wake ni megabiti 480, sasa maziwa ya megabiti 2,500 yatapitaje? Yanabanwa upya kwa haraka haraka. Ndiyo gharama ya kuchota maziwa, lazima uyakaushe tena uwe unga, na unga wa pili haulingani na wa kwanza. Kwa mechi utaona nyasi zinachafuka mpira ukienda kasi.

Lakini wengi hata hapo hawafiki, wanapata giza. Hilo giza lina jina, HDCP, mfumo uliotengenezwa na Intel, ndio ule mfuniko wa bomba niliousema. Kabla picha haijatoka dikoda inauliza upande wa pili, wewe nani? Tivi inatoa kitambulisho, wanasalimiana, picha inapita ikiwa imefungwa na tivi inaifungua. Kapcha kadi haina kitambulisho cha kurekodi, dikoda inakataa, unapata kioo cheusi au maandishi ya kukuonya. Hakuna kilichoharibika. Njia ya kujua haraka kama kapcha kadi yako ni nzima ni kuijaribu na kamera, au laptopu ya pili, au PlayStation 4 na 5 ambazo zina sehemu ya kuzima HDCP kwenye setingi. Dikoda ya kulipia hiyo sehemu haina, usiitafute.

Najua mtaniambia kuna splita (vile vidude vya kugawa picha ya HDMI iende sehemu mbili) za kuvunja mfuniko, na kwamba ufunguo mkuu wa HDCP ulivuja mwaka 2010 na Intel wenyewe wakakubali. Ni kweli ulivuja. Mimi sitakufundisha, na pia nimeona watu wakipoteza hela kwa splita ambayo leo inafanya kazi na kesho dikoda ikipokea programu mpya inagoma.

Kuna mlango mwingine wa zamani ambao ulikuwa halali na mzuri: zile nyaya za kijani, bluu na nyekundu. Zilibeba HD kwa analogi, bila salamu za HDCP. Mwaka 2008 kampuni ya Hauppauge walitoa kifaa cha HD PVR kwa ajili hiyo na watu wengi Marekani na Ulaya walirekodi dikoda zao kwa miaka wakilala usingizi. Siku hizi dikoda nyingi mpya zimeondoa hayo matundu. Zimebaki nyekundu, nyeupe na njano, na wengi wanazichanganya kwa sababu zote ni za rangi rangi. Ile njano haijawahi kubeba HD na haitabeba. Mwisho wake ni ile picha ya 576, siyo nukta moja zaidi, lakini kama wewe unataka tu kumbukumbu ya harusi ya binamu iliyoonyeshwa kwenye tivi, njano inatosha sana na haikatai mtu ovyo.

Sheria? Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inaruhusu matumizi ya mtu binafsi nyumbani kwake. Ukichukua rekodi hiyo hiyo ukaipeleka kwenye kibanda ukakusanya shilingi 1,000 kila kichwa, hiyo tena siyo nyumbani kwako.

Mjomba nimempangia flashi yake kwa NTFS na tukaijaribu usiku, faili likafika GB 11 bila kukatika. Akafurahi, halafu akauliza kama naweza kukirudisha kile kipande cha penalti. Nikamwambia hakikufutika, hakikuandikwa kabisa, hakuna cha kurudisha. Alinyamaza kidogo, akatoa simu. Jirani alikuwa amemtumia zile penalti kwa WhatsApp, alizipiga kutoka kwenye tivi ya kibandani, simu imesimama wima, picha inatetemeka, na penalti ya pili inapigwa kuna kichwa cha mtu kinapita mbele ya kioo. Ameiangalia hiyo zaidi ya mara kumi.